Farasi 4 kwenye ekari 5, nyasi zinaisha, nisaidieni

Mchunga_Jinja: Habari zenu ndugu zangu. Niko nje kidogo ya Jinja, natunza farasi 4 wa kupandisha watalii na malisho yetu ni ekari 5 zote fensi moja. Mvua za mwezi wa tatu zilivyoanza nikajua tumepona lakini wapi, sehemu kubwa imekwanguliwa mpaka mizizi unaiona, getini na pale kwenye birika la maji ni tope tu, alafu kinachonishangaza kuna kona nyasi zimefika magotini na hawazigusi, wanazipita wanaenda kung'ang'ania kipara. Bosi anataka tulete trekta tulime yote tupande nyasi za setaria maana jirani anayo na ng'ombe wake wamenenepa. Mnasemaje?

MamaFarasi: Usilime kwanza kaka. Hiyo kona nenda ukachungulie chini utakuta mavi, farasi akishachagua pa kunyea hali tena hapo. Na kipara kinatokea kwa sababu ana meno ya mbele juu na chini, ng'ombe juu hana, kwa hiyo farasi anakata mpaka udongoni na kila jani jipya likichomoza analirudia. Gawa hizo ekari mafungu 4 kwa waya wa umeme, seng'enge hapana itawachana miguu. Fungu likibaki urefu wa kiganja watoe, lipumzike wiki 4 mpaka 6, kiangazi zaidi. Siku za mvua kubwa wafungie sehemu moja ndogo uwape nyasi kavu, hapo ndo tope litapona.

Ssebo_wa_Malisho: Mimi naomba hiyo setaria muiache kabisa, nasema kwa uchungu. Nilikuwa nakata setaria namletea farasi jike wangu kila siku, miezi ikapita akaanza kuchechemea, leo mguu huu kesho ule, nikabadilisha viatu vya kwato wee, mpaka asubuhi moja namvalisha hatamu naona haikai, mifupa ya uso imevimba pande zote mbili, ukigusa ni ngumu kama jiwe. Daktari wa mifugo akanieleza setaria ina kemikali nyingi inayoitwa oksaleti, inaishika kalsiamu tumboni farasi haipati, basi mwili unaanza kuitoa kwenye mifupa. Ng'ombe wa jirani wanaivumilia kwa sababu vijidudu vya tumbo lao vinaivunja. Kama lazima mpande, tafuteni nyasi za Rhodes.

Mchunga_Jinja: Duh, asante sana, nimechungulia kweli ni mavi matupu. Sasa niyatawanye na reki yawe mbolea?

MamaFarasi: Hapana! Kwa unyevu wa huku ukitawanya umewasambazia minyoo shamba zima. Okota na toroli mara 2 kwa wiki, rundika mbali, yageuze yapate joto yaoze vizuri ndo urudishe, tena kwenye fungu linalopumzika. Na hiyo kona ndefu muombe jirani alete ng'ombe wake wakimaliza farasi, watazila na minyoo mingi ya farasi inafia tumboni mwao.

Ssebo_wa_Malisho: Na kabla ya kuwahamisha tembea fensi yote ung'oe lantana, ile ya maua ya rangi rangi, ni sumu na wakikosa nyasi wataijaribu.

Mchunga_Jinja: Ipo, tena upande wa birika. Naanza nayo kesho asubuhi, bosi nitamuonyesha huu uzi kabla hajalipa trekta.