Darubini za angani: mipaka ya king'ora, taa ya ndani au nyota ya rejea?

Mtazamaji_Dom: Habari za jioni wadau. Klabu yetu hapa Dodoma tunaandaa mada ya Jumamosi. Kifaa cha darubini kikianza kuchoka huko juu, nini kinakuambia mapema? Kuna mipaka ya joto na umeme inayopiga king'ora, kuna taa ya ndani ya kifaa inayowashwa kukipima, kuna nyota ya rejea inayopimwa tena na tena. Mimi naegemea mipaka.

FundiKisima: Mipaka inachelewa, mdogo wangu. Pampu ya kisima ninachokihudumia huku Chamwino ilikuwa ikivuta ampea 11. Baadaye 11.4, 11.9, 12.5. Ovalodi, ile swichi inayokata umeme ukizidi, ipo 15, kwa hiyo kimya, na maji yanatoka vizuri tu. Bahati nilikuwa naziandika kwa chaki mlangoni mwa boksi la swichi. Nikaing'oa mapema, beringi imejaa mchanga. Tazama namba inakoelekea. Hata darubini ya angani Kepler, Januari 2013 gurudumu moja la kuielekeza lilionyesha msuguano umepanda, wakalipumzisha. Mei likagoma kabisa.

Binti_Kondoa: Kwa vinavyozunguka, sawa. Ila utando juu ya kioo hauvuti ampea! Novemba 2023 wataalamu wa Euclid, darubini ya angani ya Ulaya, waliona nyota wanazozirudia zinafifia kidogo kidogo. Ilikuwa barafu, unene wa nanomita makumi tu. Machi 2024 wakapasha kioo kimoja kutoka nyuzi -147 hadi -113, mwanga ukaongezeka 15%. Nyota ndizo zilizowashtua.

Mtazamaji_Dom: Na taa je? Haihitaji kugeuza darubini.

Binti_Kondoa: Ndiyo raha yake, unaiwasha muda wowote. Lakini nayo inazeeka, na mara nyingi mwanga wake haupitii kioo kikuu. Mimi ningeiweka pamoja na nyota: nyota ikififia na taa ikabaki vilevile, tatizo liko kabla ya pale taa inapoingia. Hapo umeshapunguza nusu ya kazi. Nyota yenyewe iwe tulivu, kama G191-B2B, kibete nyeupe (mabaki ya nyota iliyokufa) wanayoitumia kwa darubini ya Hubble.

Alizeti_Singida: Mnasahau MIRI, kifaa cha infraredi cha darubini ya Webb, inawajibu wote wawili, fundi na binti. Agosti 2022 gurudumu moja la spektromita yake (sehemu inayochambua mwanga kwa mawimbi) lilionyesha msuguano: hilo ni la fundi. Aprili 2023 ikatangazwa kwamba kifaa hichohicho kinapoteza mwanga, zaidi kwenye mawimbi marefu. Hilo ni la nyota za rejea. Na ukichukua wastani wa mawimbi yote, upungufu wa kule mwisho unamezwa. Chora mstari wa kila wimbi peke yake.

Mtazamaji_Dom: Nimebadili mawazo. Nitaanza na chaki, kisha Euclid, na MIRI nitaipa muda mrefu zaidi. Shikamoo fundi, namba zile bado zipo mlangoni?

FundiKisima: Marahaba. Zipo, sikuzifuta. Kesho nikipita nazipiga picha.