MREJESHO: Yule dada wa kauboi mwenye nywele za mikia miwili nimempata

Wakuu, niliuliza ni nani yule mwanamke mlenga shabaha kwenye tamthilia ya zamani ya kauboi, na kwa nini alipotea. Asanteni sana mlionielekeza. Ni Gail Davis, mzaliwa wa Little Rock, Arkansas, mwaka 1925. Alimwigiza Annie Oakley, mwanamke wa Marekani aliyesifika kwa shabaha, kwenye tamthilia yenye jina hilohilo kuanzia 1954 hadi 1957, vipindi 81, chini ya kampuni ya Gene Autry, mwimbaji na mwigizaji wa filamu za kauboi. Na farasi alimpanda kweli, bunduki alijua kuilenga! Kilichoniuma ni kilichofuata: watu walishamzoea kama Annie, nafasi nyingine zikawa ngumu kupata. Mwaka 1961 alionekana kwenye The Andy Griffith Show, kipindi cha vichekesho cha TV ya Marekani, na uigizaji ukaishia hapo. Alifariki 1997. Nasema wazi, alistahili kupewa zaidi.