Wachungaji wa Malindi, hanga (matanga yetu) na sadaka ya koma (mizimu ya wahenga) hamvitofautishi au mnajifanya?

Jamani, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Kuanzia Ganda mpaka Marafa, kukitokea msiba wa Kigiriama, amri ya mapasta ni moja: aliyeokoka asikanyage hangani, kule kuna mapepo. Haya. Mtu anafiwa na mjomba, anajifungia ndani na Biblia yake, ukoo unamwandika kichwani. Siku yake ikifika, wa kumchimbia kaburi ni nani? Pasta na kinanda chake?

Hanga lina mambo mengi. Kuna kuchimba kaburi, kuchota maji, kupasua kuni, kuchanga, kupika, kulala na wafiwa. Ibada iko wapi hapo? Ibada ni pale mzee anapomwaga mnazi chini akiwaita koma, na pale mnyama anapochinjwa kwa ajili yao. Hapo Mkristo hashiriki, na kukataa kwenyewe si kazi ngumu. Unamwendea mkubwa wa ukoo mapema, kabla watu hawajakaa, unamwambia utashika jembe au kuni, na kwamba wakati wa koma utakaa kando. Wazee wengi wanaelewa. Kinachowaudhi ni yule anayenyamaza mpaka kifuu cha mnazi kimfikie, ndipo anaruka kama aliyeumwa na nge, aanze kukemea mbele ya wakwe.

Na nyama je? Paulo alishamaliza, Wakorintho wa Kwanza sura ya 10. Aya ya 25: cha sokoni kula bila kuuliza-uliza. Aya ya 28: mtu akikuambia hiki ni sadaka, usile. Mapasta wetu wameshika ya 28, ile ya 25 wameificha chini ya mkeka. Ndiyo maana kuna wanaofundisha kwamba harusi ya Mkristo isichinjiwe na Mwislamu kwa sababu ya bismillahi. Pasta, nyama uliyonunua juzi buchani hapa mjini ilichinjwa na nani? Unaila kila Jumapili! Ukitaka jirani Mwislamu wa Shella ale kwako, mpe yeye au kijana wake kisu, tenga sufuria ambayo haijawahi kuingia nguruwe, mwambie kabla ya siku, si pale sahani zinapopita. Na hayo maneno "injili", "msalaba", "dhambi" na "ibada" unayoyapigia kelele kwenye kipaza sauti yametoka Kiarabu. Mbona hayo hujayakemea?

Mahunda, yaani mahari, nayo. Sehemu ya mnazi inageuzwa pesa au soda, wazee wanakubali, ila izungumzwe katika kikao cha mwanzo. Ukiileta siku ya kupeleka mali, umeanzisha vita na utalipa faini juu yake.

Hando, sketi ya mama zetu, sitalijadili sana. Ni kitambaa cha dukani kilichopasuliwa vipande na kukunjwa-kunjwa ili nyonga ijae. Pepo ataingilia wapi, kwenye mkunjo?

Kinachonichemsha zaidi ni vigango, zile nguzo za mbao za kuchongwa. Kigango husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi, na kikishasimamishwa hakihamishwi, hata ukoo ukihama. Ni kumbukumbu, ila mnazi nao humwagwa hapo, kwa hiyo naelewa Mkristo anapata kigugumizi. Jibu si kung'oa. Usimwage, usiombe hapo, usiuze, usichome, na ndugu zako waambie waziwazi kwamba wewe humwagi. Lakini mahubiri ya "ng'oeni sanamu" yamewafaidi nani? Madalali! Vigango viling'olewa kwa mamia, vikauzwa kwa watalii na kuishia Marekani. Jumba la makumbusho la Denver lenyewe limekubali kurudisha 30. Wamarekani wanarudisha, sisi tunamwaga petroli. Waingereza walipolipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, mwaka 1914 kwa sababu ya Mekatilili, mama aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga, angalau hawakusema ni Roho Mtakatifu aliyewatuma.

Danieli kule Babeli alipokea jina la kigeni, akasoma elimu ya Wakaldayo, akafanya kazi ikulu. Alikataa chakula cha mfalme. Hakukataa Babeli nzima, na hata hicho chakula alimwomba mkubwa wa matowashi kwa adabu, kisha akampendekezea msimamizi siku kumi za majaribio. Mtu aliyejua mpaka wake uko wapi.

Nyinyi mpaka hamna. Kila kitu ni cha shetani. Shakahola ilianza hivyo hivyo: kwanza shule ni ya shetani, kisha hospitali, kisha chakula chenyewe, na mwaka 2023 ikafukuliwa miili zaidi ya 400. Msiniambie Mackenzie, mhubiri aliyewafundisha watu kule kufunga hadi kufa, hakuwa wa dhehebu lenu. Nauliza: nani kati yenu alimpinga kwa Maandiko alipokuwa bado kwenye "shule ni ya shetani"?

Na hii tabia ya kusema mkutanoni "katika ukoo wako kuna mchawi anayekufunga" muiache leo hii. Hamtaji jina, najua. Hamna haja. Kijana anatoka hapo akimshuku babu mwenye mvi na macho mekundu ya moshi wa kuni, na mara nyingi babu huyo ndiye mwenye shamba.