Wanahewa waliotoroka katika filamu za vita: vipi kuhusu waliowaficha?

Mwalimu wa Mkomani, Lamu:

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Lamu, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi huwaonyesha wanafunzi wa kidato cha tatu filamu moja ya zamani katika ua wa nyumba ya jamaa yetu, kwa sababu tunasoma Vita vya Pili vya Dunia na kitabu cha darasani huwapa watoto tarehe na majina ya majenerali tu. Mwezi uliopita niliwachagulia Desperate Journey, filamu ya Marekani ya mwaka 1942 iliyoongozwa na Raoul Walsh. Errol Flynn na Ronald Reagan, huyo Reagan aliyekuja kuwa rais wa Marekani mwaka 1981, ni miongoni mwa wanahewa ambao ndege yao inaangushwa katika ardhi ya Wanazi, nao wanaanza kuikata nchi nzima ya adui ili warudi kwao.

Wanafunzi waliipenda mno. Walishangilia mashujaa walipoliiba gari la Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga la Wanazi, na mwishoni, walipoiteka ndege na kuruka nayo, nusu ya darasa walikuwa wamesimama. Watoto walipokuwa wakikunja mikeka, msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi mengi, akanijia na kuniuliza: "Mwalimu, wale waliowasaidia walifanywa nini baadaye?" Ni kweli kwamba katika filamu yuko Kaethe Brahms, binti wa Kijerumani anayewasaidia kisha anakataa kuondoka nao, lakini kamera inawafuata wanaume na yeye hatumwoni tena.

Sikuwa na jibu. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami nililala usiku ule nikiwaza iwapo katika visa hivi mwenyeji alipona kweli. Ninaomba mnielekeze kwenye filamu inayomtazama mwenyeji kwa makini kama inavyomtazama mgeni, na anayeijua historia yenyewe anieleze yaliyowapata watu hao, maana nimemwahidi yule msichana kwamba nitamjibu kabla ya mwezi kwisha.

Binti wa Malindi:

Waalaykum salaam, Mwalimu. Filamu unayoitafuta ilitoka mwaka huohuo wa 1942, ila hii ni ya Uingereza: One of Our Aircraft Is Missing, ya Michael Powell na Emeric Pressburger. Itazame mwanzo wake kwa utulivu, kwa sababu kabla ya kuonyeshwa rubani yeyote tunasomeshwa taarifa ya Waholanzi waliouawa na Wajerumani kwa kosa la kuwasaidia wanahewa wa Kiingereza kutoroka. Kwa hiyo mtazamaji analo jibu la mwanafunzi wako tangu dakika ya kwanza, na kila mlango unaofunguliwa baadaye anautazama akijua bei yake.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Ndege aina ya Wellington yenye wanahewa sita imetoka kushambulia Stuttgart, injini inapigwa, nao wanaruka kwa miavuli na kutua Uholanzi. Mmoja anatengana na wenzake, watano wanaonekana kwanza na watoto, kisha wanapelekwa kwa watu wazima. Hapo ndipo filamu hii inapoachana kabisa na ile ya Errol Flynn. Mwalimu wa shule, Els Meertens, anawaketisha na kuwahoji kwa ukali, kwa kuwa Wajerumani wangeweza kuwatuma watu wao wavae sare za Kiingereza ili wajue nani katika kijiji ana moyo wa kusaidia. Wanaume waliozoea kuagiza wanajikuta wakijieleza mbele ya mwanamke ambaye neno lake moja litawaokoa au litawaacha mashambani. Ninapenda sana tukio hilo. Mwenyeji hapa si mtu mwema aliyetokea njiani kwa bahati. Ni mtu mwenye akili anayepima hatari kwa niaba ya jirani zake wote.

Baadaye wanakabidhiwa kwa Jo de Vries, anayeigizwa na Googie Withers, ambaye mbele ya Wajerumani anajifanya kuwachukia Waingereza ili nyumba yake isitiliwe shaka. Fikiria kuishi hivyo, ukidharauliwa na watu wako wasiojua siri yako. Safari yao inaishia baharini usiku, wakielekea kwenye boya la uokoaji, na hilo nadhani watoto wa Lamu watalielewa haraka kuliko watoto wa mahali pengi.

Jambo jingine utakaloligundua ni kwamba filamu haina muziki wa kuisindikiza. Unasikia ndege, baiskeli, nyayo za buti na sauti za watu tu, na kimya kinachobaki kinakufanya uvute pumzi pole pole kana kwamba na wewe umejificha.

Ninalisema hili nikiwa nimeathirika nalo, kwa sababu ndege za Italia ziliangusha mabomu hapa Malindi mwezi Oktoba 1940, na marehemu bibi yangu alikuwa akisimulia jinsi mama yake alivyowachukua watoto wakakimbilia mashambani, wakalala majuma mawili kwa watu ambao hawakuwa na undugu nao. Jina la mwenye nyumba ile bibi alilitaja mpaka siku zake za mwisho. Majina ya marubani hakuyajua wala hakuyatafuta.

Nahodha wa Matondoni:

Mwalimu, nitajibu swali la pili, la historia yenyewe, kwa kuwa nimelisoma kwa miaka mingi.

Kwanza wanafunzi waelewe tofauti moja ya kisheria, maana bila hiyo hawataona uzito wa jambo. Mwanahewa aliyekamatwa na kutambuliwa kuwa askari alikuwa chini ya Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929. Alipelekwa kambi ya mateka wa vita na, mara nyingi, akarudi kwao vita vilipokwisha. Aliyemficha hakuwa na mkataba wowote. Yeye alingojewa na risasi au na kambi ya mateso. Katika chumba kimoja, basi, walikaa watu wawili wanaomkimbia adui mmoja, lakini adhabu zao zilikuwa mbali kama pwani na kisiwa kisichoonekana.

Uingereza iliunda idara ya siri iitwayo MI9 mwezi Desemba 1939 ili kuwasaidia askari wake kutoroka. Ilitengeneza ramani zilizochapwa juu ya hariri, kwa sababu hariri hukunjwa ndogo na haitoi sauti mtu anapopekuliwa, na dira ndogo zilizofichwa ndani ya vifungo vya sare. Hayo ni mambo ya kuvutia, na vijana wako watayapenda, lakini mimi niliye na dira mkononi kila siku nawaambia kwamba dira humwonyesha mtu kaskazini tu. Haimwonyeshi nyumba ipi abishe hodi. Kijana kutoka Uingereza au Marekani, asiyejua lugha, anayetembea na kula kwa namna ya kwao, asingefika popote bila mwenyeji wa kumpa nguo, kumpa karatasi za kughushi, kumkalisha katika treni na kumwamuru asifungue kinywa.

Njia maarufu zaidi iliitwa Comète. Ilianzishwa na Andrée de Jongh, Mbelgiji aliyeitwa Dédée na wenzake, na mwezi Agosti 1941, akiwa na umri wa miaka 24, alijitokeza katika ubalozi mdogo wa Uingereza mjini Bilbao, Hispania, akiwa na askari mmoja wa Kiingereza na Wabelgiji wawili, baada ya kuvuka milima ya Pyrenees kwa miguu. Waingereza waliona vigumu kusadiki kwamba binti mdogo wa mwili ameweza safari ile. Kutoka hapo njia ikawa Brussels, Paris, kusini-magharibi ya Ufaransa, kisha milima usiku na mto Bidasoa, wakiongozwa na Florentino Goikoetxea, Mbaski, yaani mwenyeji wa milima ile ya mpakani, aliyekuwa mwenye kuvusha magendo na aliyezijua njia zile gizani. Wakishafika Hispania walipelekwa mpaka Gibraltar, iliyokuwa mikononi mwa Waingereza. Njia hiyo inahesabiwa kuwa iliwaokoa watu takriban 800, na Dédée mwenyewe aliwavusha zaidi ya 100.

Sasa nije kwa swali la yule msichana. Januari 1943 Dédée alikamatwa katika nyumba ya shamba huko Urrugne, upande wa Ufaransa karibu na mpaka wa Hispania, akiwa na wanahewa aliokuwa akiwasubirishia usiku wa kuvuka. Alipohojiwa alikiri kwamba yeye ndiye kiongozi, ili kumkinga baba yake aliyekuwa naye katika kazi hiyo, na Wajerumani hawakumwamini. Alipelekwa katika kambi za mateso za Wanazi, ikiwemo Ravensbrück, akaokoka, na baada ya vita akaja kuwauguza wenye ukoma huku Afrika, ikiwemo Kongo na Ethiopia; alifariki mwaka 2007. Baba yake, Frédéric, aliuawa kwa kupigwa risasi mwezi Machi 1944. Na mwenye ile nyumba ya Urrugne alikuwa mjane mwenye watoto, jina lake Frantxia Usandizaga. Yeye naye alichukuliwa siku ile, na alifia Ravensbrück mwaka 1945.

Mkaazi wa Shela:

Ninakubaliana na waliotangulia, ila naomba tusiihukumu Desperate Journey kwa haraka. Ilitolewa Septemba 1942, baada ya Waingereza kupoteza Singapore kwa Wajapani Februari na Tobruk, huko Libya, kwa Wajerumani Juni, wakati ambapo mtu wa London au wa Chicago aliamka kila asubuhi akasikia habari za kushindwa. Filamu iliyomfanya acheke na kushangilia kwa muda wa saa mbili ilikuwa na kazi yake, hata kama hakuna mwanahewa aliyewahi kutoroka kwa mbwembwe za Errol Flynn.

Kuna na jambo jingine ambalo sijaona likitajwa. Mwaka 1942 Dédée alikuwa bado anavuka milima. Msimulizi yeyote ambaye angeonyesha waziwazi jinsi wenyeji walivyopokezana wageni, vituo gani vilitumika na karatasi zilighushiwa vipi, angekuwa anamchorea adui ramani. Hata filamu aliyoisifu Binti wa Malindi inalazimika kubuni: inaonyesha ujasiri wa wenyeji bila kufichua utaratibu wao. Wanafunzi waulizwe, wanapotazama, ni kitu gani mtengenezaji amekisitiri, na amemsitiri nani.

Mwalimu wa Mkomani, Lamu:

Nimewasoma nyote mara mbili na sijui niwashukuruje. Mkaazi wa Shela umenirekebisha, kwa kuwa nilikuwa nimeandaa kuwaambia watoto kwamba filamu ya kwanza ilikuwa ya uongo, na sasa nitawauliza swali lako badala yake. Jumamosi ijayo, baada ya sala ya Isha, tutatazama ile ya Uholanzi, na nitaisimamisha kwenye taarifa ya mwanzo ili kila mmoja apate kuisoma hadi mwisho. Nahodha, ukiwa huna safari, njoo na dira yako.

Yule msichana nimemwita leo mchana nikamsomea habari za ile nyumba ya Urrugne. Alinyamaza, kisha akaniomba nimwandikie jina la mjane yule jinsi linavyoandikwa kwao. Yeye ndiye atakayesimama mbele ya wenzake kabla taa hazijazimwa, alitamke.