Ushauri: Sauti ya mwimbaji inapotea kwenye spika za kanisani

Mpiga Zeze: Habari zenu wakuu. Nimerekodi kwaya yetu kwa Audacity, ile programu ya kompyuta ya kurekodi, kila sauti traki yake, na dada anayeongoza ubeti traki yake. Kwenye hedifoni wimbo uko safi, dada ametanda masikio yote mawili. Nikichomeka kwenye spika za kanisani, dada hayupo, kwaya inaitikia hewa. Nimempandisha volyumu mpaka mwisho, wapi. Jumapili tunazindua na wageni wameshaalikwa. Spika mbovu au mikisa? Silali.

Fundi Mitambo: Kwenye simu bila hedifoni je? Na traki ya dada umeifanyia nini?

Binti Kigamboni: Kwaya za siku hizi mitambo mingi, mazoezi haba. Sisi tuliimbia maikrofoni moja, mwenye sauti kubwa anarudi nyuma, na watu walilia.

Nguli wa Kaseti: Umenikumbusha redio ya baba, spika ya kushoto ilikufa. Stirio za The Beatles za 1963, vyombo viliwekwa kushoto na waimbaji kulia, basi kwetu magitaa tulikuwa tunayasikia kwa mbaali.

Mpiga Zeze: Kwenye simu pia hayupo. Sijafanya cha ajabu, nimepani tu, yaani kusogeza sauti kushoto au kulia, kama wanavyopani wengine.

Fundi Mitambo: Kupani peke yake hakumfuti mtu. Traki moja imetandaje masikio mawili? Sema yote.

Mpiga Zeze: Sawa mkuu. Niliinakili, moja kushoto kabisa, nyingine kulia kabisa. Ile ya kulia nikaipitishia Invert. Ila msiniambie niitoe, dada mwenyewe kaipenda na kamati imeshaipitisha.

Fundi Mitambo: Kamati ilisikilizia hedifoni, bila shaka. Invert hugeuza wimbi juu chini: la kushoto likipanda, la kulia linashuka kwa kiasi kilekile. Spika za kanisani mara nyingi hufungwa mono, pande mbili zinajumlishwa: 1 na -1 ni 0. Ukipandisha volyumu unapata 5 na -5. Kwaya imebaki kwa sababu wao hujawageuza.

Ndugu Mashaka: Wakuu, hii chai. ID hiihii ilishafungua uzi humu ikiuliza namna ya kutoa sauti ya mwimbaji zibaki ala tupu, ikajibiwa itumie Invert. Leo anashangaa sauti imetoka? Hana kwaya huyu.

Binti Kigamboni: Hata kanisa hajalitaja.

Mpiga Zeze: Silitaji kwa sababu mwalimu wetu wa kwaya yumo humu. Uzi ule ni wangu, nilitaka ala za mazoezi, ndipo nikaijua Invert. Nimeweka picha ya skrini. Angalieni traki mbili za chini, vilima vya hii ndiyo mabonde ya ile.

Ndugu Mashaka: Nimeiona. Nimefuta kauli, mkuu.

Fundi Mitambo: Faili la .aup3, lile la Audacity lenye traki zote, unalo? Ukibaki na MP3 tu, ukigeuza upande mmoja dada atarudi, lakini vyote vilivyo katikati vitaondoka.

Mpiga Zeze: Ninalo. Nikiacha Invert nikaichelewesha nakala milisekunde 20 je? Nayo inatanda.

Fundi Mitambo: Kwenye mono atasikika kama anaimbia ndani ya pipa. Futa nakala. Dada katikati, pani 0, na besi hapohapo. Soprano asilimia 40 kushoto, alto 40 kulia, sauti ya teno na kinanda kidogo pembeni. Ukitaka atande, aimbe ubeti upya kwenye traki nyingine, uiweke volyumu ya chini kuliko ile ya kwanza. Binadamu harudii sawasawa, kwa hiyo hazitafutana. Kabla ya kutoa faili, geuza yote kuwa mono, sikiliza, kisha rudisha kwa Ctrl+Z.

Mpiga Zeze: Nimefuta ya kulia. Kwenye simu yupo! Kwenye hedifoni kapungua upana, hapo sijaridhika. Kesho jioni anakuja kurudia ubeti.

Nguli wa Kaseti: Na flashi ulizokwishagawa?

Mpiga Zeze: Ziko kwa wazee wa kamati. Naanza kuzikusanya leo.