Mafundi wa intaneti Mbeya, acheni kutuzimia faiwoli za ruta kwa kisingizio cha torenti

Ndugu wanajukwaa,

Naleta malalamiko kuhusu jambo ambalo limeshakuwa mazoea kwa watoa huduma wa intaneti ya nyumbani hapa Mbeya. Mteja akilalamika kwamba programu yake ya torenti (njia ya kupakua faili vipande vipande kutoka kwenye kompyuta za watumiaji wengine) inashusha faili kwa kusuasua, anaambiwa azime faiwoli ya ruta, yaani ulinzi unaozuia watu wa nje kuingia kwenye mtandao wa nyumbani, na asipojua kuizima, anatumiwa fundi wa kumzimia. Sitaitaja kampuni yangu, kwa sababu wenzangu wa Forest na Uyole walio kwenye kampuni nyingine wamepewa jibu hilohilo, na hasira yangu ni juu ya jibu lenyewe.

Najua watakuja watu kusema kwamba torenti ni wizi wa filamu. Wizi upo, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo pia. Mimi ni mwalimu wa kompyuta, na ninachopakua ni mifumo endeshi ya Ubuntu na Debian, programu za ofisi za LibreOffice na Wikipedia ya Kiwix inayosomwa bila intaneti, ambayo toleo lake kamili la Kiingereza lenye picha linapita GB 100. Wote hao huweka torenti za kazi zao wenyewe, kwa hiari yao. Kwa sisi ambao umeme unaweza kukatika wakati wowote, njia hii ina manufaa makubwa, kwa kuwa faili hugawanywa katika vipande, kila kipande huhakikiwa kikifika, na umeme ukirudi programu huendelea na vilivyobaki badala ya kuanza upya.

Fundi aliyetumwa kwangu alikuwa kijana mwenye adabu, na simlaumu yeye kuliko waliomfundisha. Alifungua 192.168.1.1 kwenye simu yake, akaingia kwa jina na nywila zilizobandikwa chini ya ruta, akaondoa tiki kwenye faiwoli, akawasha UPnP, akaiweka kompyuta yangu kwenye DMZ, yaani ruta iielekezee kila ombi linalotoka nje, kisha akasema, “Mwalimu, nimekufungulia kila kitu, sasa itakimbia.” Nikamuuliza, “Mdogo wangu, umeiangalia anwani ya WAN, ile ambayo ruta hupewa na kampuni, kabla ya kufungua?” Akanijibu kwamba hayo ni mambo ya ofisini.

Anwani hiyo ilikuwa kwenye simu yake mwenyewe. Ilianza na 100.72, ilhali tovuti za kumwonyesha mtu anwani yake ya IP zilionyesha namba tofauti kabisa, inayoanza na 197. Anwani za kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, utaratibu unaoitwa CGNAT. Mtu wa nje anayetaka kuunganishwa na kompyuta yangu huishia kwenye mitambo ya kampuni, kwa sababu mitambo hiyo haina maelekezo ya kumpeleka kwa mteja yupi. Kwa hiyo yote aliyofungua fundi hayakuweza kuongeza kasi hata chembe. Ni sawa na kung’oa mlango wa chumba wakati geti la nje limefungwa na ufunguo uko ofisini kwao.

Nilipopiga simu kulieleza hilo, dada wa huduma kwa wateja alinijibu kwamba kama geti limefungwa, basi hakuna hatari, niiache tu faiwoli ikiwa imezimwa. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira kwelikweli. CGNAT haikuwekwa kwa ajili ya ulinzi. Kama kampuni haijawatenganisha wateja wake ndani ya mtandao, mteja mwenzangu mwenye kompyuta iliyoambukizwa anaweza kunifikia, na nilipouliza kama wametenganishwa sikujibiwa. Siku wakiwasha IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti ambao hauhitaji kushirikiana anwani, faiwoli ya ruta ndiyo itakayobaki kuzikinga kompyuta, kamera na runinga za nyumba nzima, na yangu itakuwa imeshazimwa. UPnP nayo huiruhusu programu yoyote iliyo ndani ya nyumba, hata ile mbovu iliyoingia kupitia simu ya mgeni, kuiomba ruta ifungue poti (mlango wa mawasiliano wenye namba yake) bila kuulizwa nywila. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi sana duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, za aina ileile iliyobandikwa chini ya ruta yangu.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba torenti haihitaji lolote kati ya hayo. Programu inayoanzisha mawasiliano yenyewe kwenda nje hupakua vizuri faiwoli ikiwa imewashwa. Unachokosa ni wale ambao wangeanza wao kukutafuta, na kwa faili lenye wasambazaji wengi, kama Ubuntu, tofauti yake ni ndogo. Utaiona kwenye mafaili adimu yenye wasambazaji wawili watatu, ambao pengine nao wamefungiwa kama wewe. Mara nyingi kinacholeta kusuasua ni programu kuachiwa itume data kwa wengine bila kikomo hadi njia ya kutumia data kwenda nje ikajaa, au kufungua miunganisho mamia kwa wakati mmoja mpaka ruta ya bei nafuu ikalemewa. Mimi nilipunguza vyote viwili kwenye mipangilio ya programu, nikairudisha faiwoli, na Debian ikashuka vizuri. (Wanaokimbilia kusema “tumia VPN”, yaani huduma ya kupitisha mawasiliano yako kwenye seva za kampuni nyingine, wakumbuke kwamba nyingi hazitoi poti ya kuingilia, na kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN wajisajili.)

Mwenye anwani yake ya umma, asiye nyuma ya CGNAT, ana njia safi, na fundi aliyefundishwa haimchukui muda. Aipe kompyuta anwani ya ndani isiyobadilika, achague poti moja ya juu, tuseme kati ya 49152 na 65535, aizuie programu isibadilishe poti kila inapowashwa, kisha aielekeze poti hiyo peke yake, kwa aina zote mbili za mawasiliano (TCP na UDP), kwenye kompyuta hiyo peke yake. UPnP izimwe, na usimamizi wa ruta kutoka nje uzimwe. Nywila ya ruta ibadilishwe siku hiyohiyo. Kama programu ina ukurasa wa kuiendesha kwa kivinjari, ukurasa huo usifunguliwe nje kamwe. Programu ya torenti ya qBittorrent, kwa mfano, ilikuwa na nywila moja ya kuanzia inayojulikana na kila mtu hadi mwaka 2023.

Sizikatalii kampuni kushirikisha wateja anwani. IPv4, mfumo wa zamani wa anwani, ina anwani zipatazo bilioni 4.3 tu, na ghala kuu la dunia lilimaliza kugawa mafungu yake Februari 2011. Ninachodai ni kwamba mkataba umweleze mteja, kabla hajalipa, kama yuko nyuma ya CGNAT au la. Kwamba anayehitaji anwani ya umma aambiwe bei yake waziwazi. Na kwamba fundi asiguse faiwoli ya mtu bila kumwandikia alichobadilisha na namna ya kukirudisha. Malalamiko yangu ya maandishi yameshafika kwa kampuni, na wasipojibu nitayapeleka TCRA.

Sasa naomba walioko Iringa, Njombe na Tunduma waangalie anwani ya WAN kwenye ruta zao na watuambie hapa inaanza na namba gani, na kama kuna aliyewahi kuuziwa anwani ya umma kwa matumizi ya nyumbani, alilipia shilingi ngapi kwa mwezi?