Naomba ushauri: kupima mvua shuleni Bukavu

Jambo wandugu. Nafundisha jiografia hapa Kadutu. Baada ya mafuriko ya Mei 2023 huko Kalehe, jimboni kwetu Kivu Kusini (DRC), wanasayansi wa World Weather Attribution walitaka kujua mabadiliko ya tabianchi yalichangia kiasi gani, wakashindwa: takwimu za mvua za eneo letu ni chache mno. Hilo linaniuma sana. Wastani wa tabianchi hukokotolewa kwa takwimu za miaka 30, basi nataka wanafunzi waanze sasa hivi. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, hesabu hiyo wanaiweza. Ila uwanja wetu umebanwa na nyumba za mabati, maji yanaruka kutoka kwenye paa na upepo unazunguka. Kipimamvua nikiweke wapi? Na takwimu za shule hupelekwa kwa nani?